Peris Syokau na Jumapili Yake

Habari za wakati huu, wasikilizaji wapendwa. Karibuni tuketi pamoja. Popote mlipo, Kathiani, Machakos mjini, Athi River, Syokimau, hadi kule Lukenya kwenye machimbo ya mawe, leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake ni Peris Syokau Masila. Peris alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Alianza kazi hiyo akiwa mama kijana, akaifanya mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuwahi kuionea haya. Alituacha mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na sita. Alifia kwao Kathiani, likizoni.

Naam, likizoni. Mfanyakazi wa nyumbani ana likizo ya kila mwaka kisheria, na Peris alikuwa anaenda yake bila kuomba radhi kwa mtu.

Tuanzie mbali kidogo. Peris alizaliwa Kathiani, kwenye boma la mzee Masila, mkulima wa mahindi, maharagwe na machungwa. Alikuwa na kaka mmoja, Muindi, na wadogo kadhaa nyuma yake. Nilipomtembelea Muindi nyumbani, alicheka kabla hata sijauliza swali.

"Syokau alikuwa na sauti," akaniambia. "Sio ya kuongea. Ya kuimba. Akienda mtoni tunajua amefika wapi, kwa sababu tunamsikia. Akinyamaza, mama anauliza, huyu ameanguka?"

Alimaliza shule ya msingi, akakaa. Wadogo wake ndio walioendelea. Baadaye alimzaa binti yake wa pekee, Mukai. Mtoto alipoanza kutembea, Peris alimwacha kwa nyanya yake akaenda Lukenya kutafuta kazi. Akaipata, katika nyumba ya meneja wa machimbo. Kupika, kufua, kupiga pasi, kulea watoto watatu. Ilikuwa nyumba kubwa na chakula kilikuwa kingi. Ila hapakuwa na siku ya kupumzika. Jumatatu ilikuwa ya kazi, na Jumapili pia ilikuwa ya kazi. Peris akiuliza, mama wa nyumba anashangaa. "Kwani umechoka nini? Si unalala hapa hapa?"

Wasikilizaji wapendwa, mtu akilala mahali anapofanyia kazi, watu husahau kwamba yuko kazini. Ndivyo ilivyokuwa kwa Peris. Akikaa chini, anaitwa. Akienda kuoga, anaitwa. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Jumapili alikuwa anasikia kwaya ikiimba huku yeye anamenya viazi, na alikuwa anaitikia sauti ya tatu akiwa peke yake mbele ya sinki.

Krismasi moja aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa amemnunulia Mukai gauni la manjano. Mukai mwenyewe, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anauza miche ya parachichi pale Kathiani, anakumbuka siku hiyo vizuri.

"Nilikuwa nacheza nje. Nikaona mama mmoja anakuja na mfuko. Nikamsalimia na adabu, vile tulifunzwa. Halafu nikakimbia kwa nyanya, nikamwambia, nyanya, kuna mgeni amekuja."

Kuna mgeni amekuja. Peris alisikia. Mukai anasema mama yake hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, kweli kweli, akanywa chai aliyoletewa, kisha akamwita mtoto akamvalisha lile gauni polepole. Kitu kimoja kilibadilika ndani yake siku hiyo. Aliporudi Lukenya, alirudi akijua kwamba hatakaa.

Ndipo ukaja ule mkutano. Kanisa la pale Athi River liliwaita wanawake wanaofanya kazi katika nyumba za watu, na afisa mmoja wa kazi akaja kuzungumza nao. Peris alimdanganya mama wa nyumba kwamba anakwenda kununua nyanya. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, kikapu miguuni. Afisa akaeleza kwamba sheria ya ajira inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Akaeleza pia habari ya likizo ya mwaka, na kwamba kazi ya kudumu inahitaji mkataba wa maandishi.

Peris akainua mkono. "Hata sisi wa jikoni?"

"Hata nyinyi wa jikoni," afisa akajibu.

"Na ukilala huko huko?"

"Hata ukilala huko huko, mama."

Peris alirudi Lukenya bila nyanya. Aliwahi kuwasimulia rafiki zake kwamba alikaripiwa sana jioni ile, lakini kila akikaripiwa alikuwa anaimba moyoni. Mwezi ulipoisha alitoa notisi yake kwa heshima, akaondoka. Alikuwa anatafuta nyumba moja tu: nyumba ambayo Jumapili itakuwa yake.

Akaipata Syokimau. Wale mnaopajua Syokimau mnajua ile mitaa mipya yenye ukuta na geti moja, watu wakikimbilia treni ya kwenda Nairobi alfajiri. Katika mtaa mmoja kama huo aliishi Layla Othman, mwanamke wa kutoka Machakos mjini, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya bima huko Nairobi. Mume wake alikuwa safarini mara kwa mara. Alikuwa na mtoto mdogo, Mudi, na alihitaji mtu wa kumsaidia upesi sana.

Layla ananiambia hivi: "Nilimpenda siku ya kwanza. Alimbeba Mudi, na Mudi akanyamaza. Nikamwambia, anti, anza kazi kesho. Akasema, sawa Mama Mudi, lakini tuandike kwanza. Nikamwambia, kwani kuandikiana ni kwa nini, si tutaishi kama familia? Akanijibu, ndio nataka tuandike, ndio tusije tukakosana kama familia."

Basi wakaandika. Kazi zake, saa zake, chumba chake, likizo yake. Na Jumapili. Kuanzia asubuhi mpaka jioni, Jumapili ni ya Peris. Layla akatia sahihi, Peris akatia sahihi, na Mudi akamwagia uji ile karatasi. Wakaandika nyingine.

Peris akajiunga na kwaya. Akashona sare, kitenge cha samawati chenye kola nyeupe. Jumapili mchana, baada ya misa, wakati mwingine alipanda gari akaenda Kathiani kumwona Mukai na kurudi jioni. Mukai anasema, "Hapo ndio nilianza kuwa na mama."

Maisha yakawa mazuri, wasikilizaji wapendwa. Ila kulikuwa na lile geti.

Kamati ya mtaa ilikuwa imeweka sheria. Kila mfanyakazi wa nyumbani akitoka, lazima apekuliwe. Mkoba, mifuko, hata mfuko wa gauni. Wenye nyumba walipita na magari yao bila kusimama. Wageni walipita. Wafanyakazi ndio walisimamishwa. Kazi hiyo ya kupekua alipewa soja wa getini, kijana wa Kikamba aliyeitwa Reuben. Reuben hakuipenda. Alikuwa anapekua huku anaangalia angani.

Peris alivumilia kwa muda. Halafu Jumapili moja, akiwa na sare yake ya kwaya, Reuben alifungua mkoba wake watu wakiwa wamejaa pale getini. Akatoa kitabu cha nyimbo. Akatoa kitambaa. Akatoa vitu ambavyo mwanamke hubeba kwa ajili ya mwili wake, akaviweka juu ya meza, mbele ya wanaume waliokuwa wanasubiri teksi. Mmoja wao akacheka.

Peris akavikusanya kimoja kimoja. Akamwangalia Reuben. "Reuben, sina ugomvi na wewe. Najua wewe umetumwa. Lakini hii mkoba hautafungua tena."

"Mama Mukai, watanifuta," Reuben akasema kwa sauti ya chini. "Kamati wakijua nimekupitisha, watanifuta."

"Hautafutwa. Sitapita."

Na kweli hakupita. Aligeuka akarudi nyumbani. Layla alishangaa kumwona, na alipoelezwa, akaona aibu. Lakini akaogopa pia. Alikuwa mgeni katika mtaa ule, na hakutaka maneno na majirani. Akasema, "Anti, tuvumilie tu. Fungua mkoba, ni dakika moja, uende zako."

Peris alimjibu kwa upole. "Mama Mudi, mimi sijawahi kuchukua kitu yako. Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi."

Jumapili iliyofuata Peris alivaa sare yake ya kwaya, akachukua kiti cha plastiki kutoka uani, akakibeba mpaka getini. Akakaa kando ya kibanda cha Reuben, ndani ya mtaa, hatoki wala haingii. Ilikuwa siku yake ya kupumzika, na alikuwa anapumzika. Ulipofika wakati wa misa, akaanza kuimba. Sauti ya tatu, peke yake, sehemu yake tu, kama vile kwaya nzima iko hapo na wengine ndio hawasikiki.

Wenye magari walipita wakiteremsha vioo. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Mudi alitoroka nyumbani akamfuata. "Anti, nipikie mandazi." Peris akambusu kwenye paji la uso. "Kesho. Leo niko ofu. Mwambie mama."

Layla anacheka akisimulia. "Nilipika mandazi yangu ya kwanza siku hiyo. Mudi aliyatupia paka. Paka naye akayanusa akaondoka."

Jumapili ya pili alikuja Ndanu na stuli. Ndanu alikuwa msichana wa Kathiani aliyefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa Layla. Hakujua kuimba, lakini alikaa. Wakaja wengine na mikeka, na ndoo zilizogeuzwa. Sauti ya kwanza ikapatikana. Sauti ya pili ikapatikana. Reuben mwenyewe, ndani ya kibanda, akawa anaguna besi.

Kamati haikufurahi. Mwenyekiti, Bwana Musyoka, mtu mkali wa kunyoosha mambo, akamwandikia Layla. Ama mfanyakazi wake aache fujo getini, ama aondolewe mtaani. Layla aliweka ile barua juu ya friji. Hakumwambia Peris. Lakini Peris aliiona, kwa maana ni yeye aliyekuwa akipanguza ile friji.

"Mama Mudi," akamwambia, "ukiniambia niende, nitaenda. Sitakulaumu. Lakini uniambie na mdomo wako."

Layla hakuweza kusema aende. Wala hakuweza kusema abaki. Wakalala hivyo.

Jumapili iliyofuata, mama mzazi wa Layla alikuwa amekuja kutembea kutoka Machakos mjini. Jina lake Bi Mwanatumu. Wengi wenu hapo mjini mlimjua. Mama wa buibui, mwenye ucheshi na ulimi mwepesi. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kwenye harusi, na Layla alikuwa anamsindikiza kwa gari. Walipofika getini Bi Mwanatumu akaona wanawake wameketi wanaimba, na mbele yao Peris, yule aliyempikia chai jana jioni tu.

"Simamisha gari," akasema.

Akashuka. "Peris, mwanangu, wafanya nini hapa na nguo nzuri namna hii? Kwa nini huendi kanisani?"

Peris akasimama kwa heshima. "Siendi, Bi Mwanatumu. Nikitoka lazima wanipekue mkoba, na sitaki."

"Wakupekue? Umeiba?"

"Hapana, Bi."

"Wewe kijana," akamgeukia Reuben, "umepewa amri ya kupekua watu wanaotoka?"

"Ndiyo, nyanya. Wafanyakazi."

"Mimi pia nilikuwa mfanyakazi. Nimefua nguo za watu pale Machakos mpaka huyu Layla akaingia chuo kikuu. Na nikitoka nilipekuliwa, hadi kwenye kanga. Haya, nipekue."

Layla alikuwa bado ameshika usukani. Ananiambia kwamba alijua mama yake alifua nguo. Hakujua alipekuliwa. Mama yake hakuwahi kumwambia.

Reuben akarudi nyuma. "Nyanya, wewe sio..."

"Nipekue, nasema!" Na Bi Mwanatumu akaugeuza mkoba wake juu ya meza, pu! Zikatoka tende. Ikatoka tangawizi. Zikatoka tasbihi, miwani miwili, dawa ya presha, soksi ya mjukuu, na nusu ya sambusa iliyofungwa kwenye kitambaa. "Hesabu," akasema. "Andika kuna sambusa."

Wanawake waliokuwa kwenye viti wakashindwa kujizuia. Kicheko kikapanda. Nyuma ya gari la Layla foleni ilikuwa imeanza, watu wanakwenda makanisani, honi zinalia. Layla akazima injini. Akashuka. Akaenda mpaka kwenye ile meza, akaweka mkoba wake kando ya tende za mama yake, akaufungua.

"Na mimi," akasema. "Natoka kwenye nyumba ile ile."

Kisha akamgeukia Peris, mbele ya wote. "Anti, hauendi mahali. Nisamehe nimechelewa kusema."

Reuben, jasho linamtoka, akauliza, "Sasa madam, nifanye aje?"

"Fanya kazi yako. Pekua kila mtu."

Na Reuben akafanya hivyo, wasikilizaji wapendwa! Gari la pili, akaomba mkoba. Gari la tatu, akaomba buti ya nyuma ifunguliwe. Gari la nne lilikuwa la mwenyekiti, Bwana Musyoka, na suti yake na familia yake.

"Fungua geti," Musyoka akasema.

"Buti kwanza, mzee."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mzee. Lakini nyanya amefungua."

Bwana Musyoka akamwangalia Reuben. Akamwangalia Bi Mwanatumu, ambaye alikuwa anakula ile sambusa. Nyuma yake, ndani ya gari, mkewe akasema kitu. Nimemuuliza Bwana Musyoka mwenyewe ni nini, kwa sababu sasa ni mzee mpole na hana shida kusimulia. Akaniambia, "Mke wangu alisema, si ufungue tu, kama ni kitu kidogo. Nikaanza kushuka. Na nilipotoa mguu nje, watu wananiangalia, nikasikia vile inaumiza. Mguu mmoja tu, nikasikia."

Hakufungua buti. Alishika mlango wa gari, akasimama, akamwambia Reuben afungue geti, kwa wote. Mchana ule kamati ikakutana kwenye bustani ya mtaa. Layla alisimama akawasomea Katiba, pale inaposema kila mtu ana haki ya faragha, na kwamba haki hiyo ni pamoja na kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake wala mali yake. Wakabishana. Wapo waliosema wizi utaongezeka. Lakini kabla ya jua kutua walikuwa wamekubaliana, na ile meza ya kupekulia ikaondolewa. Reuben hakufutwa kazi. Ile meza alipewa yeye, akaitumia kulia chakula.

Peris hakuwepo kwenye mkutano. Alikuwa amekwenda kanisani tangu geti lilipofunguliwa. Alifika misa ikikaribia kwisha, akaingia kwenye mstari wake, akaimba wimbo wa mwisho.

Hiyo ndiyo habari iliyomfanya Peris ajulikane Syokimau. Lakini waliomjua vizuri wanasema alichofanya baadaye ndicho kikubwa zaidi.

Baada ya hapo wasichana walianza kumjia. Jumapili, nyuma ya kanisa, walimkuta amekaa kwenye nyasi na chupa ya chai. Anti, nimeambiwa nisiende nyumbani kuzika shangazi. Anti, nalala kwenye sakafu ya jikoni. Anti, mkataba unaandikwa aje? Peris hakuwa wakili na hakujifanya wakili. Alisema alichokijua. Asichokijua, aliwaambia waende wakamuulize afisa wa kazi, na akiweza aliwapeleka mwenyewe.

Ndivyo alivyompeleka Ndanu, yule msichana wa stuli. Ndanu alipata mimba, na tumbo lilipoanza kuonekana mwajiri wake alimwambia afungashe. Ndanu akaja kwa Peris na begi lake, analia. Peris akamwomba Layla ruhusa ya siku moja, wakaenda mpaka ofisi ya kazi Machakos.

"Kwenye benchi nilikuwa nalia tu," Ndanu anasema. "Anti Peris anakula mandazi. Akanipa moja. Akaniambia, kula, halafu ukiitwa, usilie, sema. Huyo mtu anataka kusikia maneno, na ukilia hatasikia."

Ndanu akasema. Afisa akasikiliza, akamwita mwajiri. Akamweleza kwamba ujauzito si sababu ya kumfukuza mtu kazi, na kwamba mama aliyejifungua ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu, kisha anarudi kwenye kazi yake. Mwajiri alikuja amefura, akaondoka ametulia. Ukweli ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia. Ndanu alijifungua salama Kathiani, akakaa na mtoto wake ile miezi, akarudi kazini. Bado yuko nyumba hiyo hiyo mpaka leo.

Hata Bwana Musyoka alimfuata Peris. Alimwomba aje kuzungumza na wenye nyumba wa mtaa kuhusu mikataba. Peris akakubali, kwa sharti moja: isiwe Jumapili.

Miaka ikapita. Mudi akakua, akawa kijana wa sekondari mwenye sauti nzito anayemwita Peris "anti" mpaka leo. Bi Mwanatumu alitangulia mbele ya haki, na Peris ndiye aliyekaa na Layla siku zote za matanga, akiwapikia wageni pilau ambayo, kwa maneno ya Layla, mama yake angeisifia kisha aongeze chumvi. Kila mwaka, mvua ikikaribia, Peris alichukua likizo yake akaenda Kathiani kupanda maharagwe na kukaa na wajukuu wake.

Mwaka huu alikwenda kama kawaida. Mukai anasema siku hiyo mama yake alikuwa mzima. Walipalilia pamoja asubuhi. Mchana Peris akawafundisha wajukuu wimbo, akamgawia kila mmoja sauti yake, akawakemea kwa kukimbiza mdundo. Kisha akasema amechoka kidogo, akajilaza kwenye kochi karibu na dirisha. Chai ilipokuwa tayari Mukai akaenda kumwamsha. Hakuamka. Madaktari walisema ni moyo.

"Wajukuu zake walikuwa bado wanaimba huko nje," Mukai akaniambia. "Mimi nasikia, na naona mama yangu amelala. Sikujua nilie ama niwaache wamalize. Nikawaacha wamalize."

Mazishi yalifanyika Kathiani, siku ya Alhamisi. Muindi alikuwa ametarajia watu wa kijiji na wachache wa kanisa. Saa nne asubuhi akasikia mabasi yanapanda mlima. Yalitoka Syokimau na Athi River, na ndani yake walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, wanawake kwa wanaume, wapishi, walezi, wafua nguo, watu wa bustani. Wengi walivaa kitenge cha samawati chenye kola nyeupe. Ilikuwa siku ya kazi, wasikilizaji wapendwa. Alhamisi! Lakini walikuwa wameruhusiwa. Reuben, ambaye sasa anasimamia masoja wote wa mtaa, alinichekesha katikati ya huzuni. Aliniambia asubuhi hiyo alipita mtaani, na karibu kila dirisha la jikoni aliona mwenye nyumba mwenyewe anatafuta mahali sukari inapowekwa.

Layla alikuja. Mudi alikuja, akasaidia kubeba jeneza. Bwana Musyoka alikuja na fimbo yake. Alipoombwa kusema neno, alisema moja tu, "Alitufundisha polepole," akakaa chini. Kisha kwaya ikasimama, ile ya viti na ndoo, ikaimba mpaka udongo ukamaliza kurudishwa.

Kwa niaba yetu sote hapa studioni, tunatoa pole zetu kwa Mukai na watoto wake, kwa kaka Muindi na boma lote la Masila, kwa Layla na Mudi waliompoteza mtu wa nyumbani mwao, na kwa wanakwaya wenzake. Mungu awape faraja, na ampumzishe Peris Syokau mahali pema.

Na sasa sisi tuliobaki. Kama una mtu anayekupikia, anayekufulia, anayekulelea mtoto, jiulize leo: siku yake ya kupumzika ni ipi? Je, yeye mwenyewe anaijua? Imeandikwa mahali? Anapotoka kwenye geti lako, anatoka kichwa kikiwa juu? Usimuulize jirani. Muulize yeye, na umsikilize akijibu.

Na wewe unayetusikiliza sasa hivi ukiwa jikoni kwa watu, redio iko juu ya kabati, mikono iko kwenye maji. Kipindi hiki kilikuwa chako. Funga huo mfereji. Panguza mikono. Vuta kiti, uketi kidogo.